Koko na Jina la Baba Mukwe

Tak. Tak. Tak.

Ni biki ya juji, kalamu ya hakimu wa tribinali, ikigonga meza. Hakuwa anagonga kwa hasira, hapana. Alikuwa anagonga kama mtu anayengoja maharagi yaive, macho yake yako dirishani, mawazo yake pengine yako kwenye sahani yake ya mchana. Sauti hiyo bado ninayo masikioni. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, na kila ilipogonga niliona mabega ya koko yakishuka kidogo.

"Mama," juji alisema, "tunakuuliza tena. Hii parseli, hiki kiwanja, nani alikupa? Sema jina."

Koko alikuwa amesimama mbele yake, ameshika pembe ya kitenge kwa mikono miwili.

"Mukubwa wetu njo alinipa."

"Mukubwa gani?"

"Ule alimuzaa bwana yangu."

"Aliitwa nani?"

Tak. Tak.

Koko akatazama chini. Nyuma yangu mtu mmoja akacheka kwa pua. Kisha wa pili. Kisha benchi zima.

Koko ni mama mzaa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Alizaliwa tambarare ya Ruzizi, upande wa Runingu, ambako watu ni wakulima na wanasema Kirundi. Kwao mwanamke akiolewa, jina la baba mukwe linahama kinywani mwake. Halisemi mbele ya mzee, halisemi nyuma yake, halisemi hata mzee akishazikwa. Tena si jina peke yake. Hata neno linalofanana na jina analiweka pembeni, anatafuta lingine la kuliziba. Desturi hiyo wanaiita gutsinda.

Sasa, jina la baba mukwe wa koko lilikuwa na mvua ndani yake. Kwa hiyo koko, tangu siku alipoolewa, hajasema mvua. Kwa Kirundi hasemi, kwa Kiswahili hasemi. Anasema "maji ya juu". Mimi nililelewa naye, nikajua dunia nzima inasema vile. Mwaka wa kwanza wa shule nilimwambia mwalimu, "Mwalimu, maji ya juu inakuya, tufunge dirisha," na darasa likaanguka kwa kicheko. Nilirudi nyumbani nalia. Koko alinifuta machozi akasema, "Beye banasema ya kwabo. Weye sema ya kwabo ukiwa kwabo. Hapa kwetu, ni maji ya juu." Nikaona ni sawa. Nikawa na maneno mawili kwa kitu kimoja, nikajiona tajiri.

Baba mukwe huyo simkumbuki, alikufa sijazaliwa. Nasikia alikuwa fundi wa mbao, alishuka Uvira akiwa kijana, akapata kiwanja huku juu kwenye mteremko, mahali pa mawe matupu. Wakati ule nani angetaka mawe? Watu walitaka kukaa chini, karibu na ziwa, karibu na soko, karibu na ndagala mbichi. Babu yangu, bwana ya koko, alipokufa bado kijana, wakwe wengine walisema mjane arudi kwao na watoto wabaki. Baba mukwe akakataa. Aliita ukoo, akaweka mtungi wa kasiksi katikati, akapiga udongo kwa kisigino chake, akasema: hapa ni kwa huyu mwanamke na watoto wake, yeyote atakayemtoa, hii pombe imkabe. Wakanywa wote. Hivyo ndivyo koko alivyopata kiwanja. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na kisigino na pombe na midomo ya watu, na midomo hiyo yote leo iko ndani ya udongo.

Koko aliondoa mawe yale kwa mikono. Ukuta wa mbele wa kiwanja umejengwa kwa mawe hayo hayo. Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko la nje, na mbele kuna mlimau. Ukikaa mlangoni unaona ziwa lote, mpaka milima ya ng'ambo. Hapo ndipo nilipoota ndoto zangu zote.

Baadaye ziwa likapanda. Wote wa Uvira tunajua. Maji yaliingia viwanja vya chini, yakala kuta, yakaacha vyoo vikielea, na watu wakaanza kupanda mteremko na magodoro vichwani. Hapo ndipo mawe ya koko yakawa dhahabu.

Mmoja wa waliopanda alikuwa baba mudogo. Ni mtoto wa mdogo wa babu yangu, kwa hiyo kwangu ni baba mudogo, na kwa koko ni mtoto wake. Tena ni zaidi ya mtoto, kwa sababu alipewa jina la yule mzee, baba ya babake. Jina lile lile lenye mvua. Koko alimbeba mgongoni akiwa mchanga, na kwa kuwa hawezi kumtaja, alimwita Baba. "Baba, kuya ukule." "Baba, usilie." Mtoto wa miezi anaitwa Baba! Mpaka leo, mwanaume mwenye tumbo na viatu vya ncha, koko anamwita Baba.

Maji yalipobomoa nyumba yake, koko mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Baba, leta bitu byako, jenga pale pembeni ya mulimau, pako pakubwa." Akaleta. Tukambebea vitanda. Mimi nilibeba televizyo yake kichwani kutoka barabarani mpaka juu, naimba. Alikula kwetu, alioga maji niliyoyachota mimi. Halafu siku moja mtu wa tribinali akaja na karatasi: baba mudogo anamshitaki koko kwamba kiwanja ni cha babu yake, yeye ndiye mrithi mwenye kubeba jina, na huyu mama amekikalia bila haki. Aliomba tribinali imtoe.

Koko alipoelezwa alicheka. Alidhani ni makosa ya tribinali. Alimwendea pale pembeni ya mlimau, akamwambia, "Baba, banakosea, bameandika jina yako." Naye akajibu, bila kuacha kutafuna, "Mama mukubwa, ni mambo ya karatasi tu. Usiogope." Alikuwa anatafuna samaki wetu.

Niseme ukweli: kabla ya hapo mimi nilipenda tribinali. Nimesoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, feza ya shule iliisha, nikaanza kusuka nywele za watu barazani. Lakini kila nilipomwona avoka, mtetezi wa watu, akipita na toge nyeusi, lile joho lao, mkononi, moyo wangu uliruka. Nyumbani nilijifunga kitenge cheusi cha koko shingoni nikawatetea kuku. "Mheshimiwa, huyu jogoo hana hatia!" Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Niliota nitarudi shule, nitakuwa avoka wa wamama. Hata asubuhi ile ya kwenda tribinali, chini ya woga wangu, kulikuwa na kafuraha kadogo. Nilivaa blauzi yangu ya Jumapili. Mjinga mimi.

Korido ya tribinali ilinuka mkojo na karatasi zenye unyevu. Watu walikaa chini kwa sababu benchi lilikuwa moja na lilikuwa na msumari. Kando yetu kulikuwa na vijana waliokuwa wamefanya mtihani wa kuingizwa kazi kwenye ofisi fulani, wakafaulu, halafu wakaitwa watu ambao hata mtihani hawakufanya. Walishitaki. Msichana mmoja kati yao aliniambia kesi yao inasogezwa mbele kila mara. Leo juji hayuko, kesho dosie, jalada la kesi, haiko, keshokutwa saini haiko.

"Na ile siku mwalipita mutihani, mwalishangilia?" nikamuuliza.

"Mama yangu alichinja kuku," akasema. "Saa hii ananiuliza, na ile kuku yangu ilichinjwa bure, nayo bataikatia apeli lini?"

Tukacheka wote wawili, tukicheka vile unacheka ukiwa huna kitu kingine cha kufanya na mdomo wako.

Hapo baba mudogo akaja na sikre ya machungwa, chupa baridi inayotoa jasho. Akapiga goti moja mbele ya koko, mbele ya watu wote, akampa kwa mikono miwili.

"Mama mukubwa, kunywa. Jua iko kali."

"Aksanti, Baba. Mungu akuongeze."

Koko akanywa. Akanywa kwa raha, akafunga macho. Watu walitazama wakasema, ona mtoto mwenye adabu. Kisha baba mudogo akainuka, akamsogelea avoka wake pale karibu na mlango, na nikasikia kwa masikio yangu, maana mimi wa kusuka nywele nimezoea kusikia watu wanaodhani sisikii.

"Muulize jina ya mwenye kumupa. Jina tu. Hatasema."

"Hata juji akimulazimisha?"

"Nilikulia mugongoni mwake, minye. Namujua. Hatasema."

Avoka akacheka, akapanguza midomo kwa kile kitambaa cheupe cha shingoni mwake, kile nilichokiota miaka yote. Kilikuwa na doa la mafuta ya mawese. Siku ile sikuelewa upesi walichopanga. Nilifikiri, jina gani? Nilielewa tulipokuwa ndani, biki ilipoanza kugonga.

Basi juji akauliza mara ya tatu, na koko akatafuta njia kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe.

"Ni ule wa mbao. Batu ba zamani bote bako bamujua."

"Bamekufa, mama. Tunataka jina."

"Ni mwenye..." Koko akainua mkono, akaonyesha juu, darini. Vidole vyake vikashuka polepole, vikichezacheza. "Ni mwenye maji ya juu."

Hapo chumba kililipuka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Alipewa na malaika!" Juji mwenyewe aliuma mdomo. Akamwonyesha baba mudogo.

"Na huyu bwana, unamujua?"

"Namujua, mheshimiwa. Ni Baba."

"Baba ya nani?"

"Baba yangu."

Walicheka mpaka wengine wakashika tumbo. Mama wa miaka yake, mwanaume wa miaka yake! Baba mudogo hakucheka. Aliweka mikono mbele kwa adabu, uso wa huzuni, kama mtu anayesikitika mama yake amechanganyikiwa. Hicho ndicho kilichonitia kinyaa kuliko vicheko. Wale wengine walikuwa hawajui. Yeye alijua. Kila neno koko alilolikwepa alilikwepa kwa ajili yake na kwa ajili ya babu yake, na yeye alikaa pale akipokea heshima hiyo kwa mkono mmoja na kuchukua nyumba kwa mkono wa pili.

Avoka akasimama. "Mheshimiwa, tribinali imejionea. Huyu mama hajue hata jina ya mwenye anasema alimupa."

Nikasimama mimi. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe.

"Anaijua! Hawezi kuisema, ni mukwe wake! Minye ninaweza kusema, ni..."

"Weye uko nani?" juji akauliza.

"Niko mujukuu wake."

"Uko ndani ya kesi?"

"Niko ndani ya nyumba."

Wakacheka tena. Juji akanyoosha biki kwangu. "Dada, kaa chini. Hauna kalite."

Hauna kalite. Baadaye nilielezwa kwamba kwa sheria maana yake ni kwamba si mimi mwenye kesi, siruhusiwi kusema. Lakini kwetu sokoni kalite ni ya vitenge na mafuta. Kitenge kisicho na kalite ukikifua mara moja rangi inakimbia. Nilikaa chini na blauzi yangu ya Jumapili, nikajisikia ninachuja rangi mbele ya watu.

Jirani yetu mmoja, mzee, aliitwa kushuhudia. Alisema koko yuko pale tangu yeye alipohamia, alimwona akitoa mawe. Juji akamwuliza kama alikuwepo siku ya kupewa. Hakuwepo. "Kukaa si kumiliki," juji akasema, akaandika. Na kesi ikafungwa, tungoje hukumu.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Ilisomwa kwa Kifaransa, haraka haraka, kama padri anayewahi mazishi mengine. Nilishika maneno mawili matatu. Koko hakushika hata moja. Alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima kila juji alipovuta pumzi. Grefie, karani wa tribinali, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyetutafsiria: tribinali imeona kwamba mama alipoulizwa asili ya haki yake alikaa kimya, kwa hiyo kiwanja ni cha mrithi, mama atoke, yeye na wote walio chini yake, na asipotoka, degerpisma. Neno hilo kila mtu Uvira analijua hata asiyejua Kifaransa. Ni polisi na godoro lako barabarani.

"Nilikaa kimya?" koko akaniuliza.

"Njo bameandika, koko."

"Ahaa," akasema. Akafikiri. "Basi bameona bizuri."

Tulipanda mteremko. Karibu na bomba la maji wamama wa tambarare walikuwa wametungoja, marafiki zake wa misa ya kwanza, wenye kusema Kirundi kama yeye. Mmoja akapaza sauti kutoka mbali, "Mwatsinze?"

Hapa lazima nieleze kitu. Kwa Kirundi, kushinda kesi ni gutsinda. Na kule kukwepa jina la mukwe, nako ni gutsinda. Kwa masikio yangu mimi ni neno lile lile. Yule mama aliuliza kama tumeshinda.

Koko akasimama. Akanyoosha mgongo wake, akajibu kwa sauti wazi, "Natsinze."

Ee, Mungu wangu! Vigelegele. Ndoo zikaachwa, maji yakamwagika, mmoja akaanza kuruka, mwingine akamkumbatia koko akamzungusha. Wakaimba. Na koko katikati yao alikuwa anatabasamu kidogo, kwa haya, kama bibi arusi. Alisema kweli. Alikuwa ametsinda. Walimgonga na biki, wakamcheka, wakamnyang'anya mawe aliyoyatoa kwa kucha, na jina halikutoka. Mimi ndiye niliyelazimika kuwashika mikono mmoja mmoja na kuwaambia, tumeshindwa, wamama, tumeshindwa, tunatolewa. Nyuso zao zilivyobadilika sipendi kuzikumbuka. Mmoja aliokota ndoo yake akaondoka bila kutuaga, nadhani kwa aibu ya kigelegele chake.

Siku iliyofuata baba mudogo alikuja na fundi wa kupima. Wakapigilia vijiti vya mikaratusi kuzunguka kiwanja, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Kimoja walikipigilia katikati ya jiko letu la nje, kati ya mafiga. Waliondoa sufuria wakaliweka pembeni, taratibu, na baba mudogo akasema, "Pole, mama mukubwa." Kisha akaleta kilo ya sukari. Nilimtazama koko akiipokea kwa mikono miwili.

"Koko, unapokea sukari ya huyu muntu?"

"Ni Baba."

"Ni mwizi!"

"Ni mwizi, na ni Baba," akasema. "Byote bibili."

Watu wa avenyu, majirani wa mtaa wetu, walianza kuja na mashauri yao. Wote walikuwa na shauri lile lile: sema jina. Kuna apeli, rufaa ya Bukavu, sema jina huko, umalize. Ni neno moja, mama! Mzee alishaoza, hasikii. Wengine walisema kwa huruma, wengine walimcheka, bibi wa zamani, anataka kulala nje kwa ajili ya neno. Nami, niseme ukweli, usiku na mchana nilitaka kumshika mabega na kumtikisa mpaka jina lianguke. Nilimwambia nikimsuka nywele zake nyeupe, ambazo ni chache sasa.

"Koko, sema tu. Mara moja. Baada ya pale utanyamaza tena."

Akasema, "Weye unafikiri alinipa kiwanja juu ya nini? Bengine bote balitaka kunifukuza. Yeye alisema, huyu mutoto wa batu ananiheshimu, abakie. Alinilipa heshima yangu na udongo. Sasa niende kule, mbele ya bale benye kucheka, nimutupe jina yake pale chini, ili udongo ubakie? Itakuwa si yangu tena. Nitakuwa nimeiiba sawa vile Baba anaiiba."

Nilimaliza kusuka. Nilimchukia baba mudogo, nilimchukia juji, nilichukia ile toge yenye mawese, na kwa muda kidogo, naomba anisamehe, nilichukia pia mvua.

Tulirudi tribinali kwa yule grefie wa miwani ya uzi, siku zilipokaribia kwisha za kukata apeli. Tulimkuta anakula muhogo juu ya dosie. Akafuta vidole, akafungua daftari.

"Apeli ya nani?"

"Yangu, mama," koko akasema.

"Zidi ya nani?"

Nikaona yote yanaanza tena. Koko akasema polepole, "Zidi ya Baba."

Grefie akavua miwani. Akamtazama koko, akanitazama mimi, akatazama mlango kama kuna mtu. Hakucheka. "Mama, uko mutu wa tambarare?"

"Ndiyo."

"Mama yangu pia." Akasukuma biki kwangu. "Dada, minye najua hauna kalite. Lakini mukono wangu unauma leo. Andika jina za bote mahali nakuonyesha. Mama ataweka kidole."

Nikaandika. Herufi kubwa, nzuri, kama mwalimu alivyotufundisha. La baba mudogo nililiandika huku meno yameumana. Grefie akaleta wino, akashika kidole gumba cha koko. Koko akakivuta nyuma.

"Jina yake iko wapi hapo?"

"Iko hapa juu, mama."

"Nionyeshe bizuri."

Grefie akamwonyesha. Koko hajui kusoma. Kwake karatasi ile ilikuwa sisimizi waliokufa. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa meza, akapima kwa macho, kisha akaenda kuweka kidole chake chini kabisa, kwenye pembe, karibu kitoke nje ya karatasi. Mbali na jina kadiri karatasi ilivyoruhusu.

"Hapo simugusi?"

"Haumugusi, mama."

"Aksanti."

Grefie akagonga muhuri. Akatuambia dosie itapanda Bukavu, inaweza kuchukua muda mrefu sana, na kule wanaweza kumwuliza jina tena, hawezi kutudanganya. Lakini mpaka wamalize, hakuna mtu wa kumtoa koko ndani ya nyumba yake. Hakuna polisi, hakuna kupima, hakuna chochote. "Bakikuja, muonyeshe hii," akasema, akanipa nakala. Nikaikunja nikaitia ndani ya blauzi.

Sijui Bukavu watasema nini. Bado tunangoja. Wale vijana wa kazi nao bado wanangoja, nilimkuta yule msichana korido ile ile, karibu na msumari ule ule, na safari hii hatukupata cha kucheka. Toge sizioti tena. Nikimwona avoka anapita naangalia kama kitambaa chake ni safi.

Siku ile tuliporudi kutoka kwa grefie koko alichoka, akalala kabla ya saa sita ya mchana. Baba mudogo alikuwa ameshuka mjini. Kiwanja kilikuwa kimya, kuku tu. Niliangalia vile vijiti vyekundu, nikachukua jembe, nikaanza na kile cha jikoni. Kilikuwa kimeingia sana, nilikizungusha kushoto na kulia mpaka mafiga yakatikisika. Halafu vya kando ya ukuta, halafu kile cha chini ya mlimau. Nilivibeba vyote mara moja mikononi, nikavikata kwa panga, nikarudisha mafiga mahali pake, nikawasha moto na kuweka maharagi. Mikaratusi ilikuwa bado mibichi, ilitoa moshi mwingi, nikapuliza mpaka macho yakavimba. Rangi ilipoanza kuungua ilinuka vibaya. Nikafunika sufuria, nikaendelea kupuliza.